Kwa Baba, Kuhusu Kamba ya Lambo

Baba,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba taarifa huanza na salamu, ikafuata hali ya hewa, ndipo yakaja mambo ya watu. Basi hali ya hewa: jua kali Bariadi nzima, vumbi jingi, mawingu hakuna. Pamba imeanza kupasuka. Lambo la Lalago limeshuka mpaka mawe ya upande wa mashariki yanaonekana. Leo ni wiki ya nane tangu uzame ndani yake.

Naandika nikiwa ofisi ya walimu. Shule imefungwa, wenzangu wameondoka, nimebaki na rundo la mitihani ya historia ya kidato cha pili, na mitihani yenyewe nimeisukuma pembeni. Nataka nikueleze mambo yalivyokwenda tangu tukuzike, kwa mpangilio, bila kulialia. Barua za kulialia ulikuwa huzipendi. Ulisema taarifa iliyolowa machozi haisomeki, na meli inayofuata inagonga mwamba uleule.

Nianze na mazishi. Yalikuwa makubwa kuliko ulivyotaka. Jeshi lilileta askari sita kutoka kambi ya mbali, vijana warefu, sare zimenyooshwa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda meli. Wote wa nchi kavu. Mmoja aliniuliza pembeni, kwa adabu, kama kweli Msukuma anaweza kuwa mwanamaji au kilikuwa cheo cha heshima tu. Nilimwambia ulikaa majini miaka ishirini na minne. Walibeba jeneza vizuri, wakapiga kwata kati ya zizi na ghala la mahindi, na watu wa Lalago wakanyamaza kama wako misani. Baba mdogo Shigela alisimama kifua mbele utadhani yeye ndiye anayepigiwa saluti. Ungemcheka mdogo wako, halafu ungemtetea.

Kila aliyekuja kunipa pole aliuliza swali moja. Wengine waliliuliza kwa mdomo, wengine kwa macho: mtu aliyeshinda bahari anashindwaje na lambo la ng'ombe?

Kijijini walikuita Nahodha, nawe ulichoka kuwasahihisha. Ulikuwa sajenti, mtu wa kamba na maboya kwenye boti ya doria. Ulitoka Lalago ukiwa kijana ambaye hajawahi kuona maji makubwa kuliko ya kunyweshea mifugo. Ulitusimulia jinsi ofisa alivyouliza siku ya kwanza nani anajua kuogelea, vijana wa pwani wakanyoosha mikono, nawe ukanyoosha kwa kuona aibu ya kubaki peke yako. Wakakutoa majini kwa fito. Kila ulipoisimulia hadithi hiyo uliongeza urefu wa fito, na kaka yangu Masanja, mtu mzima leo, alikuwa akikuwekea mipaka: "Baba, jana ilikuwa futi kumi."

Ugomvi wetu mzuri kuliko wote ulihusu kitabu changu cha kufundishia. Ulikifungua pale kwangu Somanda, Bariadi mjini, ukasoma sura nzima ya manowari. Za Wareno, za Waingereza, za Wajerumani. Ukakifunga ukasema, "Kabula, manowari zote humu zimekuja kutupiga. Ya kwetu iko wapi?" Nikakujibu kwamba haimo kwenye muhtasari. Wiki iliyofuata ulikuja darasani na sare yako nyeupe, inakubana tumbo, ukawaeleza kidato cha pili yale ambayo hayamo. Kwamba babu wa babu yako, kwa masimulizi ya ukoo, alibeba begani kipande cha chuma cha meli ya Wajerumani, akatembea nacho miezi mpaka ziwani, bila kuambiwa ni kipande cha nini. (Kwa hilo sina ushahidi, na mwalimu wa historia lazima aseme hivyo.) Kwamba wanamaji wa nchi huru walianza na boti chache na vijana wengi wa bara wasiojua kuelea. Kwamba katika miaka yako yote hukupiga risasi hata moja kwa hasira, ila ulivuta mitumbwi ya wavuvi iliyoharibika injini, ulipeleka chanjo na madawati visiwani, ulitoa watu kwenye vivuko vilivyopinduka, walio hai na wasio hai.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza, sasa hilo ni jeshi au ni huduma ya jamii? Ulifurahi mpaka ukavuta kiti ukakaa. Ulimwambia inategemea siku hiyo nani anazama.

Ulipostaafu ungeweza kujenga mjini kama wenzako. Ukarudi Lalago. Mwaka uliofuata watoto wawili wa familia moja wakafa lamboni, siku moja, mmoja akimfuata mwenzake. Kijiji kililia, kikazika, kikaanza kunong'ona nani kawaroga. Wewe ukaenda kwa fundi seremala ukanunua nguzo ya mgunga. Ukaisimika ukingoni, ukatundika juu yake kamba yako ya nailoni ya rangi ya chungwa, ile uliyotoka nayo bandarini, na kwenye ncha yake ukafunga madumu mawili ya lita tano yaliyozibwa vizuri. Ukapigilia kibao: KAMBA YA MTU. SI YA NG'OMBE. Watu walicheka kile kibao, kwa sababu huku kwetu kamba nzuri isiyo na ng'ombe ni kama jembe jipya lililotundikwa ukutani wakati wa kilimo. Lakini waliiheshimu. Miaka kumi na mmoja haikuguswa ila na mtu anayezama, na ilitoa watu wanne.

Ukajiingiza na kwenye sungusungu. Ulisema jeshi la jadi la wanakijiji si baya, lina makamanda, lina zamu, linarudisha ng'ombe walioibwa, tatizo lake halijui kuuliza maswali. Ulimwambia Kamanda Jilala mbele ya watu kwamba jeshi lisiloandika taarifa ni kundi la wanaume wenye fimbo. Alikununia msimu mzima wa mavuno. Baadaye alikuja kwako na daftari akiomba umchoree mistari.

Sasa nafika penye ugumu. Nilisema nitakwenda kwa mpangilio.

Ijumaa ile, siku mbili kabla hujafa, mahari ya Masanja ilikuwa inapelekwa Mwanhuzi. Wewe ulikuwa na homa, umelala ndani, Baba mdogo Shigela anakuchemshia uji. Mimi niliomba ruhusa shuleni nikaja kusaidia. Lori lilifika, ng'ombe kumi na mmoja wakapakiwa, akabaki yule dume mwenye baka jeupe. Alikata kamba ya katani mara mbili. Dereva anapiga honi, mshenga anaangalia saa, Masanja anatoka jasho la bwana harusi. Nikasema subirini. Nikaenda lamboni kwa miguu yangu, nikafungua kamba yako.

Nilikisoma kibao, Baba. Nisingependa ufikiri sikukisoma. Nilikisoma nikajiambia itarudi na lori jioni, na dume wa mahari ni jambo la mtu pia. Madumu niliyaacha chini ya nguzo, na nadhani kufika Jumamosi yalikuwa yamezibuliwa na kupata kazi ya kuchotea maji. Kamba ilimtuliza dume mara moja. Nakumbuka nilijisifu.

Jioni Masanja akanipigia kutoka Mwanhuzi. Ng'ombe wamepokelewa, lakini kamba imebaki. Alipotaka kumfungua dume, mzee wa upande wa mkewe alimzuia: kwao ng'ombe wa mahari akifunguliwa kamba na mtu aliyemleta, basi ameanza safari ya kurudi. Masanja akaona si busara kubishana na wakwe siku ya kwanza. Nami nikaona hivyohivyo. Nikasema Jumatatu nitanunua nyingine Bariadi, nikapanda basi nikarudi Somanda. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na homa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba niliogopa utakavyonitazama.

Jumapili ulijisikia nafuu ukaenda misa ya kwanza. Ukirudi, na viatu vya kanisani miguuni, ulimsikia Bibi Minza. Yule mjane wa upande wa magharibi wa lambo, anayeishi peke yake, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka sitini. Alikuwa ameteleza kwenye tope akichota maji. Wengine wote walikuwa wanaingia misa ya pili. Ulimfuata ukamsukuma mpaka kwenye mizizi ya ukingoni, akatoka. Wewe tope lilikushika kiunoni, kisha kifuani. Alikwenda kuita watu kwa mwendo wa kikongwe. Waliporudi naye, lambo lilikuwa limetulia.

Hayo nilisimuliwa, kama wote tulivyosimuliwa. Shahidi alikuwa mmoja tu.

Rafiki yako Mzee Bakari alikuja mazishini kutoka Tanga, safari ya siku mbili, kofia yake ya jeshi ameikunja mfukoni. Hakukaa turubaini. Alikwenda moja kwa moja lamboni, akaitazama nguzo, akarudi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Binti yangu, kamba ya baba yako i wapi?" Baba mdogo Shigela alikuwa amesimama karibu na bakuli la wali. Nikasema, "Imeibiwa."

Neno moja tu. Mzee Bakari akasema haya, Mungu amrehemu. Sijui kama aliniamini. Shigela aliniamini.

Kuanzia hapo mambo yakaenda yenyewe. Kama kamba imeibiwa, ameiiba nani? Nani alikuwepo? Nani katoka hai? Mwanamke wa miaka themanini anatoka majini, mwanamaji anabaki. Watu wakajumlisha. Wakasema Bibi Minza aliichukua kamba kwanza, akakuita, akabadilisha roho yake na yako. Wakakumbuka na wale watoto wawili wa zamani. Wakakumbuka macho yake. Wiki ya pili mtu aliweka majani ya mnyaa mlangoni pake, alama ya mchawi anayetakiwa aondoke, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Wiki ya tatu mbuzi wake wawili walikutwa wamekatwa. Katekista alimchukua akampa chumba cha nyuma cha kanisa, kile cha kuwekea viti, na huko ndiko alikolala kuanzia siku hiyo. Wapo vikongwe walioondolewa duniani kwa maneno madogo kuliko hayo, unajua, na mimi najua.

Mimi nilikuwa Bariadi nafundisha. Nasema hivyo kama vile umbali ni udhuru. Habari zilinifikia kwa simu, na kila zilipofika nilimpigia Masanja. Alikuwa akisema, "Dada, nyamaza kidogo. Nikisema kamba iko kwa wakwe, wataona tumewapelekea msiba pamoja na ng'ombe. Mke wangu ana mwezi mmoja tu kwetu." Alikuwa na hoja. Mimi pia nilikuwa na zangu: nitaambiwa nimemuua baba yangu, wanafunzi watasikia, mkuu wa shule atasikia. Tulinyamaza wote wawili na tukaita kunyamaza huko subira. Naona aibu kuandika sentensi hiyo, lakini iache ibaki.

Kilichonitoa ni kitu kidogo. Nilikuwa nasahihisha mitihani hii hii. Nilikuwa nimewauliza waeleze kazi moja ya jeshi wakati wa amani. Wengi wameandika kujenga madaraja, maana wote wanalikumbuka lile daraja la chuma ambalo askari walitujengea mto ulipokata barabara. Yule msichana wa dawati la nyuma ameandika jingine. Ameandika: "Jeshi husaidia kutafuta ukweli wa ajali, kama alivyotueleza baba yake mwalimu."

Nilikuwa nimesahau kwamba uliwasimulia. Kuruti mwenzako alianguka gatini akafa, boya halikuwepo mahali pake. Kijijini, ulisema, wangeuliza nani alimchukia. Pale waliketi maofisa watatu na meza na karatasi, wakauliza mambo manne tu: boya lilitakiwa kuwa wapi, lilikuwa wapi, nani aliliondoa, na kwa nini. Kuruti mmoja akasimama akasema mimi, nilichukua kamba yake nianikie nguo. Akaadhibiwa. Na baada ya hapo, ulisema, tulilala, kwa sababu kila mtu alijua kilichomuua mwenzetu na kilikuwa kitu cha kurekebishika.

Niliweka kalamu chini. Siku hiyohiyo nikamwambia Masanja kwamba naenda, na kwamba simwombi ruhusa. Akasema, "Basi sema ni wewe. Mimi nitasema kamba iko wapi." Nilimpenda sana kaka yangu wakati ule.

Kamanda Jilala alikuwa ameitisha dagashida, ule mkutano mkubwa wa sungusungu, kwenye uwanja wa ghala la pamba. Ajenda ilikuwa moja, kumfukuza Bibi Minza kijijini. Kumfukuza ndilo neno la mkutano. Anayefukuzwa kwa sababu ile hafiki mbali. Wanaume wamekaa mbele na fimbo, wanawake nyuma, Bibi amekalishwa kwenye gunia tupu katikati, amekunja mikono, hamtazami mtu. Nilisalimia kwa Kisukuma nikaomba nafasi. Baba mdogo Shigela akasema mtoto wa marehemu ana haki, aseme kwanza. Alidhani nimekuja kudai adhabu.

Sikuhubiri. Nilikwenda kama karatasi ya wale maofisa watatu ilivyokwenda. Nikasema, kamba ilitakiwa kuwa kwenye nguzo. Siku ile ilikuwa Mwanhuzi, shingoni mwa dume. Aliyeiondoa ni mimi, Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Niliiondoa ili kumpakia ng'ombe wa mahari. Nikasema nilidanganya mazishini. Nikasema hakuna wizi, hakuna uchawi, kuna mimi.

Masanja akasimama upande wa wanaume akasema, "Ni kweli, kamba iko kwa wakwe zangu." Akakaa.

Hapakuwa na kelele. Nilizitegemea, na zingekuwa nafuu. Shigela alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Akasema, "Kabula, uliniacha nimchinje mtu kwa mdomo wangu wiki saba." Akachukua fimbo yake akaondoka, na mpaka leo hajapokea simu yangu. Sijui kama atapokea. Kamanda Jilala akafungua daftari, lile la mistari uliyomchorea, akaniuliza tena moja baada ya nyingine, akaandika polepole, herufi kubwa. Kisha akanisomea. Nikatia sahihi. Adhabu yangu ni kulinda lambo kila Jumapili ya likizo mpaka shule zifunguliwe, na kijiji kimekatazwa kula nyumbani kwetu mpaka mwezi uandame tena. Bibi Minza akaambiwa arudi kwake. Waliomwekea majani mlangoni hawakutajwa. Jilala aliniambia baadaye, bila kuniangalia, kwamba karatasi moja inatosha kwa siku moja.

Watu walipotawanyika Bibi alikuwa bado amekaa kwenye gunia. Nikaenda nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Nilijiandaa kwa tusi, kwa mate, kwa chochote. Alinishika mkono akavuta nikae chini kama yeye.

Akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, mimi nilikuona."

Ijumaa ile alikuwa ng'ambo ya lambo akifua. Aliniona nikisoma kibao, aliniona nikifungua.

Halafu akanieleza yale ambayo hakumweleza mtu. Kwamba ulipokwisha kumfikisha kwenye mizizi, tope likiwa limekufika kiunoni, ulimwambia kwa utulivu kabisa, Mayu, mama yangu, nirushie ile kamba. Akakujibu haipo. Ukauliza nani kaichukua. Akakuambia: Kabula wako, Ijumaa, kwa ajili ya dume.

Anasema ulitazama ile nguzo. Kisha ukasema, "Usimwambie mtu. Hata yeye usimwambie. Ni mwanangu." Halafu ndipo ukamtuma akaite watu, na ukamhimiza asikimbie asije akaanguka.

Baba.

Kwa hiyo ulijua. Ile nusu saa yote ulijua.

Nilimuuliza Bibi kwa nini hakusema. Walimkatia mbuzi. Walimwekea majani. Siku ile alikuwa amekaa kwenye gunia akisubiri kuondolewa duniani, na neno la kumwokoa lilikuwa mdomoni mwake, jina langu tu, silabi tatu. Alishangaa swali langu. Akasema, "Mtu amekupa pumzi yake, akakuomba jambo moja. Utamnyima?" Kisha akaniomba nimsaidie kuinuka, magoti yake hayamtii, na tukatembea mpaka kwake. Nilimrekebishia paa pale lilipochomoka na kumchotea maji. Alinishukuru, wabeja, akafunga mlango kwa sababu alitaka kulala kitandani kwake.

Nimejitahidi kuandika kwa utulivu. Imenishinda hapo juu kidogo, unisamehe. Nina hasira na wewe, na sina mahali pengine pa kuipeleka. Ulitufundisha maisha yako yote kwamba kitu kinachoua lazima kitajwe ili kisiue tena, na wakati wako ulipofika ukaficha, kwa ajili yangu. Mzee mwenye homa, tope kifuani, anapanga zamu ya kunilinda. Kama ningekuwa mmoja wa wale maofisa watatu ningeandika kwamba sajenti alikosea. Ningeandika pia kwamba sijui baba gani angefanya vingine.

Nakulilia, Baba. Siyo kwa sababu ya kosa langu, hilo nimelitia sahihi. Nakulilia tu.

Amri yako ya mwisho nimeivunja bila kuijua, na hata ningeijua ningeivunja. Naamini baada ya kununa kidogo ungekubali. Kapumzike sasa, zamu yako imekwisha, na Mama aliyekutangulia akusogezee nafasi.

Ahadi yangu ni moja. Uliingia majini kumtoa mwanamke mmoja, na mimi nilikaribia kumrudisha kwa mkono wa watu wengine. Likizo hii niko Lalago, na ijayo, na nyingine. Nitakula kwake na nitaonekana nikila. Yeyote atakayetaka kulitaja jina lake vibaya atapita kwanza kwenye jina langu. Bibi Minza atakufa kwa uzee.

Mwanao,
Kabula